Ngome ndogo na minara ya Warumi katika jangwa la Misri: vililinda nini?

Mwalimu mmoja wa historia kutoka Tanga ameandika: "Nimeona picha za ngome ndogo ya mawe jangwani, kati ya Mto Nile na Bahari ya Shamu, na juu ya vilima vya jirani kuna minara mifupi. Maelezo yalisema ni kazi ya Warumi. Ngome ndogo kiasi hicho ingezuia jeshi gani? Minara ilikuwa ya kupelekeana habari mpaka baharini? Na mnayajuaje haya yote? Wanafunzi wangu wanauliza pia kama pembe za ndovu za Rhapta zilipita hapo."

Mwalimu, ngome uliyoiona haikujengwa kuzuia jeshi. Ilijengwa kukalia kisima. Ukishalishika hilo, utaona kwa nini ni ndogo, kwa nini ziko nyingi, na kwa nini zimepangwa kando ya njia badala ya kupangwa kwenye mpaka.

Ukitajwa mpaka wa Warumi, watu wengi hufikiria Ujerumani, ambako mstari wa kilomita 550 hivi ulikuwa na minara kama 900, upande huu Warumi na upande ule watu wengine. Jangwa la Mashariki la Misri halikuwa hivyo. Hapakuwa na mstari wa kutetea. Palikuwa na njia iliyoanzia Koptos, mji unaoitwa leo Qift, ukingoni mwa Nile, ikakata milima kwa kilomita kama 180 hadi bandari ya Myos Hormos, mahali panapoitwa leo Quseir al-Qadim. Njia ya pili, ndefu zaidi, ilishuka kusini-mashariki hadi bandari ya Berenike. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1 BK, anasema hiyo ya pili ilikuwa maili 257 za Kirumi na ilichukua siku 12. Wasafiri walitembea zaidi usiku, mchana wakajificha jua kwenye vituo vya maji.

Katika njia ya Myos Hormos, msafiri aliyetoka Koptos alipita Phoinikon, kisha Krokodilo, Persou, Maximianon na Simiou, ndipo akaiona bahari. Leo barabara ya lami kati ya Qift na Quseir inafuata sehemu kubwa ya mabonde hayohayo, ndiyo maana hata mtu aliye ndani ya gari anaweza kuziona kuta na minara bila kushuka.

Habari ya kisima haitokani na kubuni kwetu. Warumi wenyewe waliichonga kwenye jiwe. Katika mwaka wa 9 wa Kaisari Vespasian, yaani 76 au 77 BK, liwali wa Misri, Lucius Iulius Ursus, alikuwa anarudi kutoka Berenike. Njiani akaamuru maji yatafutwe. Yalipopatikana akaamuru ijengwe ngome pamoja na matangi ya kuhifadhia maji, na kazi ikasimamiwa na Trebonius Valens, mkuu wa wilaya ile ya jangwa. Maandishi yake yamepatikana kwenye vituo kadhaa vya njia ya Berenike, kikiwemo Siket, karibu kabisa na bandari yenyewe. Tazama mpangilio: maji kwanza, ukuta baadaye. Pasipo maji hapakuwa na cha kulinda, maana hakuna msafara ungepita.

Ukiingia ndani, ramani ya ngome hizi ni ileile karibu kila mahali. Ni mraba wenye upande wa mita 50 hadi 60 hivi, ukuta wa mawe ya palepale, minara ya duara kwenye pembe, lango moja tu. Vyumba vimeegemea ukuta kwa ndani, kimoja baada ya kingine, na katikati kuna uwanja wenye kisima na matangi. Huko Maximianon, panapoitwa leo Al-Zarqa, kisima kimebomokea ndani na kuacha shimo kubwa linalomeza sehemu nzuri ya uwanja. Baadhi ya ngome zilikuwa na hamamu ndogo, na nyingine na chumba cha ibada, ambako mungu aliyependwa zaidi alikuwa Serapis. Askari hawakuwa wengi. Hawakuwa kikosi kamili, ni kundi dogo lililomegwa kutoka vikosi vya bondeni na kupelekwa huko kwa zamu, chini ya mkuu wa ngome ambaye mara nyingi alikuwa askari wa kawaida tu aliyekabidhiwa dhamana.

Sasa swali lako la tatu, la namna tunavyoyajua haya. Ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake limo jalalani.

Nje ya lango la kila ngome kuna kilima cha taka: majivu, samadi, mifupa, majani makavu, vitambaa, viatu vya ngozi vilivyochakaa na vigae vya mitungi. Jangwa halina unyevu wa kuozesha, kwa hiyo kilichotupwa miaka 1,900 iliyopita bado kipo. Kati ya vigae hivyo kuna vilivyoandikwa. Mafunjo, yaani karatasi za wakati huo zilizotengenezwa kwa matete, yalikuwa ghali na yalitoka mbali, lakini mitungi ya mvinyo ilivunjika kila siku. Askari aliokota kipande, akaandika juu yake kwa kalamu ya tete na wino mweusi, akamkabidhi mpanda farasi au mwenye ngamia. Aliyepokea alisoma, akatupa. Hivyo jalala likawa nyaraka za ofisi na barua za nyumbani kwa pamoja, zimelala tabaka juu ya tabaka, ya zamani chini na ya karibuni juu.

Kazi ya kuzitoa inataka subira. Taka huondolewa tabaka kwa tabaka na kuchekechwa, na kila kigae hugeuzwa pande zote mbili kabla ya kutiwa kwenye ndoo, kwa kuwa wino uliofifia unaweza kuonekana kama doa la moshi. Kigae chenye neno moja tu la Kigiriki kina thamani, kwa sababu huenda kipande chenzake kitatokea kesho. Timu ya Kifaransa iliyoongozwa na Hélène Cuvigny ilichimba Krokodilo na Maximianon kati ya 1994 na 1997, kisha ikahamia ngome za njia ya Berenike kama vile Didymoi, Dios na Xeron. Hesabu ya vigae vyenye maandishi kutoka ngome zote hizi ni maelfu. Vingi ni vya Kigiriki, vichache vya Kilatini.

Nikuonyeshe barua moja, ambayo haikutoka katika machimbo hayo ila iliokotwa kwenye njia hiyohiyo, Wadi Fawakhir. Mtu anayeitwa Rustius Barbarus anamwandikia Pompeius kwa Kilatini cha mtu asiyesoma sana. Wawili hawa walikuwa wanapelekeana vyakula: Rustius anatuma mikate, Pompeius anatuma mboga. Inaonekana Pompeius alikuwa ameandika kwa ukali, na Rustius ameumia. Anamuuliza: mbona unaniandikia kwa chuki hivyo, au unaniona mtu mwepesi? Ati usiponiletea mboga upesi, ndiyo nisahau urafiki wetu hapohapo? Mimi si mtu wa namna hiyo. Kisha anamwambia kwamba hamhesabu kuwa rafiki, anamhesabu kuwa pacha wake waliyetoka naye tumbo moja. Kwa mtu aliyekaa kwenye mwamba mtupu na jua, fungu la kabichi lilikuwa jambo la kugombeza ndugu. Hakuna kitabu cha historia ya kale kingetuambia hivyo.

Mifupa nayo ina maneno yake. Wataalamu wa wanyama wameikuta ya nguruwe kwa wingi, ya kuku, ya punda na ya ngamia. Nguruwe na kuku walifugwa humohumo ngomeni, na barua zinataja watoto wa nguruwe wakipelekwa huku na huku. Kwenye machimbo ya mawe ya Mons Claudianus, kaskazini zaidi katika jangwa hilohilo, samaki aliyeongoza kwa mifupa ni pono, ametolewa Bahari ya Shamu na kupandishwa milimani. Nafaka ilikuja kwa misafara kutoka bondeni. Huko Koptos zimepatikana stakabadhi za ukoo wa Nikanor, wachukuzi wa ngamia waliobeba ngano na mvinyo kwenda bandari zote mbili, tangu mwishoni mwa karne ya 1 KK hadi miaka ya 60 BK.

Tuje kwenye minara. Katika njia ya Myos Hormos imehesabiwa zaidi ya 60. Ni mifupi, ya mraba, upande wa mita 3 hivi, imejengwa kwa mawe yaliyopangwa bila chokaa, na mingi haina nafasi ya mtu kuishi ndani. Imewekwa kwa uangalifu mkubwa: ukisimama kwenye mmoja unauona unaofuata, au unaiona njia mahali inapokata kona na kupotea kwenye bonde. Wapo walioandika kwamba ilikuwa kama simu ya upepo ya zamani, ujumbe ukiruka kutoka mnara hadi mnara mpaka baharini. Mimi sikubaliani na picha hiyo, na sababu yangu imo kwenye vigae.

Huko Krokodilo vimepatikana vipande vya daftari la posta la wakati wa Kaisari Trajan. Mwandishi wa ngome alirekodi barua gani zimefika, siku gani, saa ngapi, zimeletwa na mpanda farasi yupi, na nani amezichukua kuzipeleka kituo kinachofuata. Kila ngome ilikuwa na wapanda farasi wake kwa kazi hiyo. Kama minara ingeweza kubeba habari zenye maelezo, yaani meli gani imetia nanga, msafara upi unataka ulinzi, nani amekufa, serikali isingegharimia farasi jangwani, mnyama anayekunywa maji mengi kuliko ngamia na anayetaka shayiri iliyobebwa kutoka Nile. Kwa maoni yangu minara ilisema jambo moja tu: kuna kitu kinakuja, kaeni tayari. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini jambo lenyewe mtu huenda kuliuliza. Moshi mchana au moto usiku uliwafanya walio ngomeni wafunge lango na kuingiza wanyama ndani, na mpanda farasi akaleta maelezo baadaye.

Ushahidi mwingine uko upande wa watu waliokaa juu yake. Vigae vina orodha za walinzi wa minara, na walinzi hao hawakuwa askari. Walikuwa raia wa Misri, watu wa vijijini bondeni, wenye majina ya Kimisri, waliopangwa kwa zamu chini ya msimamizi wao. Macho mazuri na kutosinzia ndivyo vilivyohitajika. Kuandika na kusoma ilikuwa kazi ya ngomeni.

Walikuwa wanaogopa nini? Kigae kimoja kikubwa cha Krokodilo kinalijibu swali hilo. Ni ubavu wa mtungi ambao juu yake zilinakiliwa barua za kupitishwa kituo hadi kituo, na moja yake inahusu tukio la mwaka 118, mwanzoni mwa utawala wa Hadrian. Antonius Celer, mpanda farasi wa kikosi cha Waiturea, anatoa taarifa kwamba washenzi 60 (hilo ndilo neno la Warumi) wameshambulia ngome ya Patkoua. Yeye na wachache aliokuwa nao walipigana kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku. Warumi walizihesabu saa kama sisi, tangu jua lichomoze na tangu lizame, kwa hiyo huna haja ya kugeuza chochote. Adui akawazingira hadi alfajiri, na kulipokucha wakapigana tena. Askari aitwaye Hermogenes aliuawa. Mwanamke mmoja na watoto wawili walichukuliwa mateka. Mtoto mwingine aliuawa.

Soma taarifa hiyo polepole na wanafunzi wako, Mwalimu, kwa kuwa ndani yake limo jibu la swali lako la kwanza. Adui mkubwa kiasi cha kuandikiwa barua ya dharura alikuwa na watu 60. Kwa watu 60, ukuta wa mita chache na lango moja ulitosha kuokoa walio wengi ndani hadi asubuhi. Na waliokuwa ndani hawakuwa askari peke yao. Wanawake na watoto waliishi kwenye ngome hizi.

Si wote waliokuja kwa hiari yao. Barua nyingi za Krokodilo zinatoka kwa mtu anayeitwa Philokles, mchuuzi wa mboga na vyakula, ambaye pia alikodisha wanawake kwa askari wa ngome moja baada ya nyingine, kwa malipo ya mwezi. Tangazo la ushuru la Koptos la mwaka 90 linaonyesha serikali ilivyovuna hapo: baharia alilipa drakma 5 (drakma ni sarafu, na oboli ni sehemu yake ndogo) kupita njia ya jangwani, mlingoti wa meli drakma 20, kibali cha ngamia oboli 1, na mwanamke aliyepelekwa kufanya ukahaba drakma 108. Majina ya baadhi yao tunayo, kwa sababu wanaume walibishana kwa barua kuhusu kodi yao. Sauti zao wenyewe ni adimu mno katika vigae hivyo, na sioni sababu ya kulipita jambo hilo haraka tunapowasifu Warumi kwa uhandisi wao.

Vilevile tusiwameze hao "washenzi" kwa jina walilopewa na wenye wino. Walikuwa wachungaji wa jangwa lile, watu ambao visima na malisho vilikuwa vyao kabla liwali hajapita na kuamuru ngome. Kizuizi kikubwa zaidi walichowekewa ni huo ukuta kuzunguka maji. Na mambo hayakubaki kuwa vita tu. Vigae vya Xeron, kwenye njia ya Berenike, vya katikati ya karne ya 3, vinaorodhesha ngano iliyogawiwa Wablemi, watu wa jangwa hilo, kwa mkono wa jeshi la Kirumi. Yaani ngome ileile iliyojengwa kuwazuia ilifika wakati ikawa ghala la kuwalisha ili njia iwe salama. Wakati huohuo ngome zenyewe zilikuwa zinachakaa. Vyumba vilivyoachwa viligeuzwa majalala, taka zikapanda hadi karibu na dari, na katika karne hiyohiyo ngome kadhaa zikahamwa kabisa. Huko kuchakaa kwao ndiko kulikotupa sehemu kubwa ya maandishi tuliyo nayo.

Limebaki swali la wanafunzi wako kuhusu Rhapta. Hati ya Kigiriki ya katikati ya karne ya 1, mwongozo wa mabaharia wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, inaanza safari zake Myos Hormos na Berenike, kisha inashuka pwani ya Azania, yaani Afrika Mashariki, hadi Rhapta, ambayo wataalamu wengi wanaiweka katika pwani ya Tanzania. Inasema huko zilipatikana pembe za ndovu kwa wingi, vipusa, na magamba ya kasa, na kwamba wageni walileta mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki aliyeandika muda mfupi kabla, anasema meli hadi 120 ziliondoka Myos Hormos kwenda India. Meli zilizorudi zilishusha mizigo katika bandari hizo mbili, na kutoka hapo mzigo haukuwa na njia nyingine ya maana kwenda Nile ila kupitia jangwani, mgongoni mwa ngamia, kituo kwa kituo.

Tunao hata mfano wa mkataba. Mafunjo ya karne ya 2 yaliyohifadhiwa Vienna yanahusu mzigo wa meli iliyoitwa Hermapollon, uliotoka Muziris, kusini mwa India, ukiwa na pembe za ndovu na manukato. Mkopaji anaahidi kuukabidhi kwa mwenye ngamia anayeaminika, uvushwe jangwani chini ya ulinzi hadi ghala la serikali Koptos, utiwe muhuri, kisha uteremshwe kwa mto hadi Alexandria, ambako serikali ilichukua robo ya thamani yake. Mzigo huo mmoja ulikuwa na thamani ya karibu sestersi milioni 7, sarafu za Kirumi. Pembe za Azania zilizoshushwa Myos Hormos zilipanda njia hiyohiyo ya Maximianon na Krokodilo, na robo hiyohiyo ikakatwa.

Kwa hiyo waambie kwamba ndiyo, zilipita hapo. Na ukiwachorea ramani ubaoni, anza na visima, kisha zungushia kila kisima mraba, halafu weka nukta za minara juu ya vilima kati ya mraba na mraba. Bandari na Koptos viweke mwishoni. Wataona wenyewe kwamba mzigo wa thamani ile ulitegemea kijiji cha watu wachache na kamba ya kuchotea maji.